Dakika Nne Zilizobaki kwa Twalib

Shughuli nzima imenigharimu shilingi elfu sita na mia nane, na nimehesabu mara mbili: mashine ya kijivu elfu nne na mia tano, baada ya kumkalia muuzaji mpaka akashuka kutoka elfu sita; waya wa vichwa vya rangi tatu, mia tatu; boti ya Pate, kwenda na kurudi, elfu moja; bodaboda za kutoka na kurudi gatini Mtangawanda, mia sita; na halwa ya mia nne, maana huendi kwa mtu mikono mitupu. Yote hayo ili nijue jambo moja: michezo ya video ya utoto wetu ilikuwa mizuri kweli, au ni sisi tu tulikuwa hatujaona kingine?

Mashine ilipopata moto tu, harufu yake ilinirudisha mtaa wetu wa zamani wa Langoni, chumba cha mbele cha Bi Zena, ambako plastiki iliyochemka ilichanganyika na mafuta ya bajia. Bi Zena alikaanga mlangoni, na ndani akatuchezesha mpira wa kwenye televisheni, shilingi tano kwa mechi ya dakika kumi. Mashine yake haikusoma sidii mpaka igeuzwe chini juu, basi iliishi hivyo, tumbo wazi kama kobe aliyepinduliwa. Padi za kuchezea zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nzima. Ya pili, kitufe cha kupiga shuti kilikuwa kimezama, ukikibonyeza unangoja kama mtu aliyepeleka barua. Likizo moja, mimi na Twalib, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tulicheza mechi ya kuamua nani ataishika padi nzima mpaka shule zifunguliwe. Zikabaki dakika nne kwenye saa ya mchezo, naye ananiongoza mbili kwa moja. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: Magharibi ilikaribia. Nikausimamisha mchezo nifute mafuta ya bajia mkononi. Nikausimamisha tena nifute mkono wa pili. Mara ya tatu nikasema jicho limeingia kitu. Twalib akanitazama. Adhana ikapiga, na sheria ya Bi Zena ilikuwa moja: ukiisikia, padi chini, nyote msikitini. Tuliporudi, televisheni ilikuwa nyeusi. Hakukuwa na kadi ya kuhifadhia chochote. "Umeme nao umekwenda kusali," akasema Bi Zena, akageuza bajia. Wiki iliyofuata babake Twalib alihamisha familia kwenda Pate, na mechi ile ikabaki hivyo hivyo. Padi nzima niliishika mimi. Sikuifurahia hata siku moja, lakini niliishika.

Sasa nyumbani nilimwita kwanza binti yangu. Akaitazama mashine iliyolala chali kama ile ya Bi Zena, kisha wachezaji. "Baba, mbona hawa hawana vidole? Na mashabiki wamechorwa kwa mkaa?" Dakika mbili, akarudi kwenye simu yake. Sikumlaumu; nyuso zao ni unga uliokandwa na mtu mwenye haraka, na mtangazaji ana sentensi tatu, nimezihesabu. Lakini mchezo wa mpira haupimwi na mtu mmoja. Nikapanda boti.

Twalib ana miwani na mvi, na televisheni kubwa kuliko mlango wake. Alipoiona mashine alicheka mpaka mkewe, Bi Mwanaisha, akatoka jikoni. "Ndoo, Shee, kaa," Twalib akaniita kwa lafudhi yetu ya utotoni, akachukua padi. Jawabu la swali langu lilikuja kabla ya mapumziko: watu wazima wawili walikuwa wamesimama juu ya mkeka wakitukanana kwa ajili ya kona. Hakuna aliyetuuzia viatu vya mchezaji, hakuna aliyetutaka nywila, kama kwenye michezo ya siku hizi. Mchezo bado mzuri, wallahi. Na mara hii, zikiwa zimebaki dakika nne, mimi ndiye niliyekuwa mbele, mbili kwa moja.

Twalib akausimamisha afute miwani. Akausimamisha tena, chai inapoa. Mara ya tatu akashika jicho. "Lina kitu," akasema, bila kutabasamu. Adhana ya Alasiri ikapiga.

Tulipotoka msikitini maji ya bahari yalikuwa yanatoka na nahodha wa boti ananipigia simu kwa hasira. Nikamwambia Twalib azime tu. Akakataa: "Nimengoja tangu likizo ile. Nitashindwa kungoja wiki?"

Leo ni siku ya sita; kadi ya kuhifadhia bado hatuna, basi mashine inawaka kwake, mchezo umesimama. Bi Mwanaisha hajaona tamthilia yake tangu niondoke. "Shemeji, hawa watu wenu wasio na vidole wamekaa sebuleni kwangu mpaka lini?" ameniandikia asubuhi. Nimepiga hesabu mara mbili: dakika nne za mchezo ni kama sekunde ishirini na saba za kweli, na nauli ni elfu moja na mia sita. Basi mwenye rai anipe: nirudi Pate nizimalize, au nimruhusu Bi Mwanaisha achomoe waya? Na atakayesema achomoe, anieleze pia nitamtazama Twalib kwa jicho gani.