Nilimpima Mzee Midomo kwa Uzi

Karanja, unakaa Kileleshwa na gari mlangoni, na umeshindwa kumpeleka baba yako mjini kununua kitu kidogo!

Nimeenda mimi.

Tangu mzee awekewe meno ya bandia, tarumbeta ya kanisa inamuumiza. Alitaka kipande kingine cha kupulizia, kipana kidogo. Na kesho tunamzika Njoroge, mwenzake wa bendi. Ameahidi kumpigia kaburini.

Basi asubuhi, akiwa bado amelala, nikampima midomo kwa uzi.

Si ndivyo tunavyonunua viatu hapa Kangemi? Mguu unabaki nyumbani, uzi unaenda sokoni.

Mwenye duka akauangalia uzi wangu. "Shosho, mwenye midomo yuko wapi?"

"Amelala. Wewe pima!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia lazima mpigaji ajaribu mwenyewe. Sikumsikiza. Nikachukua kile kilichotoshana na uzi.

Kwa tarumbeta kimeingia sawasawa. Nikaringa!

Mzee akapuliza. Hewa tu.

Akapuliza tena kwa nguvu, meno ya juu yakashuka.

Haya, cheka. Hata mimi nilicheka, mpaka nikamwona anaipangusa tarumbeta polepole, anairudisha kwa sanduku.

"Wacha tu, Mama Karanja. Njoroge ataelewa."

Na nani alimwacha nyumbani amelala? Mimi!

Karanja, mazishi ni saa nane. Kesho duka likifunguliwa nikute umesimama mlangoni na baba yako, tarumbeta mkononi, meno mdomoni.