Rada Mbili na Mtu wa Kaunta

Sijamsamehe mtu wa kaunta, na siandiki haya ili nimsamehe.

Tulifanya kazi pamoja kwenye uwanja wa shabaha kule Savage, mji mdogo huku ughaibuni, karibu na mto. Yeye alisimama ndani penye joto, akiuza risasi. Mimi nilifagia maganda ya shaba nje, na ukifagia nje mwezi wa Januari, masikio yanakufa ganzi kwa baridi. Ni mtu wa Mombasa kama mimi, ila yeye amesoma mpaka chuo. Mimi shule niliiachia darasa la saba, nikahama mji baada ya mji, lakini sijawahi kupita karibu na kitu chenye skrini bila kukigusa.

Msimu ule mwenye uwanja, mzee wa maneno machache, alileta rada mbili za kupima kasi ya risasi. Alisema atakayezielewa vizuri atakaa kwenye meza ya vipimo, ndani. Niliitaka meza ile kuliko kitu chochote.

Rada ya kwanza ilikuwa kubwa, bapa kama sinia. Unaisimamisha kando ya mtutu, unailenga kwenye shabaha kama unavyolenga bunduki, nayo inangoja kusikia mlio ndipo ianze kupima. Baridi iliiua betri yake, hata nikawa naibeba betri kwapani ipate joto. Ya pili ilitosha mfuko wa shati. Hiyo haikungoja mlio. Iliiona risasi yenyewe. Wakati wa mapumziko niliwaomba wateja waniruhusu niziweke zote mbili mezani kwao. Risasi moja, rada mbili, nami naandika. Zilipishana futi mbili tatu tu kwa sekunde, ila ile kubwa ilikosa risasi moja au mbili katika kila kumi. Daftari langu likajaa.

Jumapili moja tulialikwa kula nyama kwa watu wa kwetu wanaokaa Columbia Heights. Nikamwonyesha mtu wa kaunta lile daftari. Akaliinua juu ili wote walione.

"Jamani, huyu ni darasa la saba! Kesho atatupimia kasi ya chafya."

Watu wakacheka. "Wacha wee, kaka," nikamwambia. "Soma kwanza."

"Nitasoma, bro. Niachie nikakusahihishie spelling."

Nikamwachia. Kabla wiki haijaisha, mzee alinionyesha kwa furaha ripoti ya mtu wa kaunta, imepigwa chapa vizuri. Tarakimu zilikuwa zangu. Hata risasi moja niliyoiandikia uzito usio sahihi ilikuwemo vilevile, na kosa langu. Nikasema kazi ile ni yangu.

"Boss, huyu nilimtuma anishikie mashine tu," akasema mtu wa kaunta, wala hakunitazama.

Mzee akatuangalia kwa zamu. Akaamua kwamba Jumamosi tutapima mbele yake, kila mtu na rada yake.

Hapo nikajua nitakavyomfanya. Siku mbili baada ya kumpa daftari, nilikuwa nakunywa chai na rada kubwa iko mezani. Hakuna aliyepiga kwenye meza ile, lakini skrini ikaandika namba. Mwanamke wa meza ya jirani ndiye aliyefyatua. Rada ilisikia mlio wake ikadaka risasi yake. Dawa yake ni rahisi: unapunguza usikivu wa mashine na kuisogeza mbali na jirani. Jambo hilo halikuwa kwenye daftari, kwa hiyo halikuwa kichwani mwake.

Jumamosi mtu wa kaunta akachagua ile kubwa, kwa sababu inaonekana. Mimi nikakaa na ndogo kwenye meza ya kushoto kwake. Yeye alikuwa na bunduki ya kuwindia kulungu, mimi nilikuwa na ile nyepesi ya wanafunzi, yenye risasi za polepole. Wateja wakajipanga nyuma yetu.

Nilimwacha apige mbili. "Elfu mbili mia saba na kumi," akasoma kwa sauti ya mwalimu. "Elfu mbili mia saba na nne." Alipokuwa anatia ya tatu, nikafyatua yangu.

"Elfu moja na themanini," akasoma.

"Hujapiga," mzee akasema.

"Ni baridi, boss. Imepunguza kasi."

"Imepunguza kasi ya nini? Hujapiga."

Nikafyatua tena. Skrini yake ikaandika elfu moja na sabini na tano. Mtu mmoja nyuma akaangua kicheko.

Akainama upande wangu, akaninong'oneza kwa Kiswahili. "Ndugu yangu, sema mashine ni mbovu. Tafadhali. Sisi huku ni wa nyumba moja."

Mzee akanigeukia. "Ina ubovu?"

Neno moja tu lingemwokoa.

"Hapana," nikasema. "Nzima kabisa."

Nikainuka, nikapunguza usikivu, nikaisogeza rada kulia, nikamwambia apige. Akapiga, rada ikasoma sawasawa. Nikapiga yangu, rada yake haikuandika kitu. Kisha nikaeleza sababu kwa Kiingereza changu cha barabarani, bila haraka, mpaka nikahakikisha hata wa nyuma kabisa amesikia.

Meza nikapewa mimi. Yeye hakufukuzwa, na nilishukuru kwa hilo. Mteja akiuliza habari za kasi, inambidi mtu wa kaunta atoke pale, amlete kwangu na kuniuliza yeye mwenyewe. Namjibu polepole, mteja akisikiliza, halafu namuuliza kama ameelewa.