Nilinunua Kofia za Bei Chee, Nikamwita Fundi Wangu Mlevi

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, na mke wangu bado anaendelea. Nilichofanya ni ubahili, tena ubahili wa kujisifia, na aliyeumia zaidi si mimi. Jina langu silitaji, maana Moshi ni ndogo na mageti yangu yako kila kona.

Nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha. Sisi watu wa huku mnatujua. Desemba ikikaribia, kila aliyeko Dar, Mwanza, sijui wapi, anajiandaa kupanda nyumbani kula Krismasi. Na hawezi kupanda akakuta geti la zamani! Kuanzia Novemba simu yangu hailali. "Mangi, geti langu kabla ya sikukuu, usiniaibishe kwa ndugu zangu." Wote wanasema hivyohivyo.

Fundi wangu mkuu ni Deo. Kwao ni Kilema kama kwetu, kihamba chao, yaani shamba la ukoo, kimepakana na chetu. Geti likitoka mkononi mwa Deo huoni pa kulikosoa, na mimi ndiye ninayesifiwa.

Msimu wa mwaka jana ukiwa ndio unaanza, Deo alinijia na kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima yenye kioo cheusi cha kukinga macho. Ilikuwa imepasuka.

"Bosi, hii imekufa. Tununue nyingine kama hiihii."

Kofia ile niliinunua siku nafungua karakana. Wanangu wamezaliwa, wametembea, wameanza shule, kofia ipo tu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini imedumu. Mimi nilijiuliza kwa nini ilikuwa ghali.

Nikaenda duka la vifaa hapa mjini. Nilipotajiwa bei nilicheka kwa sauti ili muuzaji asikie, nikatoka, nikapanda gari hadi Holili, mpakani na Kenya. Kule nikamkuta jamaa ana kofia kibao, zinang'aa, zimechorwa tai anayetema moto. Aisee, nilizipenda! Bei ya moja ya dukani ilinipa nne. Nikapatana na yule bwana mpaka akafuta jasho, akaniuliza, "Kwani wewe ni Mchaga wa wapi?" Nikamjibu kwa fahari kabisa. Ningejua, ningesema natoka Lindi.

Chenji iliyobaki nikanunulia beberu. Ndiyo, beberu! Kaka yangu wa Dar kila Krismasi anakuja na gari lake na mdomo wake. Mwaka ule nilitaka amwone yule beberu anyamaze.

Deo alivaa kofia mpya, akawasha mashine, akazima, akaivua palepale.

"Bosi, hiki si kioo. Ni plastiki imepakwa weusi. Mwanga wote unaingia."

"Utazoea," nikamwambia.

Utazoea! Ningekuwa na uwezo wa kulimeza tena neno hilo ningelimeza na tai wake. Wiki haijaisha mkanda wa kichwani ukakatika, tukafunga kwa kipande cha tyubu ya bodaboda. Nikaita huo ni ubunifu.

Siku chache kabla ya Krismasi Deo alifika kazini anapapasa ukuta. Macho mekundu, machozi yanamtiririka, kope zimevimba. Akasema usiku kucha alihisi kama amemwagiwa mchanga machoni.

Sasa sikilizeni dhambi yangu yenyewe. Mafundi wote walikuwepo. Mteja mmoja naye alikuwepo, amekuja kugomba kuhusu geti lake. Nami sikutaka mtu aanze kuzichunguza zile kofia. Basi nikapaza sauti: "Deo! Krismasi haijafika umeshalewa? Nenda kalale, mbege ikikutoka ndiyo urudi!"

Deo hanywi. Hata mbege ya harusi anapitisha kibuyu kwa jirani. Nilijua!

Aliitundika kofia kwenye msumari, akapapasa mlango, akaondoka.

Yakabaki mageti mawili. Nikasema kwani mimi si fundi? Kabla ya kuwa bosi wa kushika simu nilichomelea miaka. Nikavaa kofia yangu ya tai, nikapiga kazi mkesha wa Krismasi kutwa nzima. Jioni nikakabidhi mageti, nikalipwa, nikapanda Kilema nikipiga mluzi.

Usiku, Yesu na Maria! Nilidhani mtu amenipaka pilipili machoni. Nililia kama mtoto wa chekechea. Lakini asubuhi ni Krismasi, na mke wangu hana mchezo na misa. Nikaenda nimeshikwa mkono. Ndani ya kanisa nikapapasa benchi, nikakalia mkoba wa mama mmoja, kitu ndani kikalia kwacha. Yalikuwa mayai.

Nje nikasikia sauti ya mama yangu. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Misa ya asubuhi, mwanangu? Hata soni huoni?"

"Mama, sijalewa!"

"Mwache, mama," kaka yangu akadakia, na sauti yake imejaa furaha. "Krismasi ni mara moja kwa mwaka."

"Sijalewa jamani!"

Watu wakacheka. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Nikasimama pale uani mwa kanisa, machozi yananitoka, na safari hii hayakuwa ya mwanga peke yake. Nilikuwa namwona Deo anapapasa mlango.

Beberu sikumwona. Nililala chali na vipande vya kiazi kibichi machoni, nasikia wenzangu wanavunja mifupa. Mke wangu akaniletea kibakuli. "Beberu wako ni mtamu, baba Neema. Kaka yako kweli amenyamaza. Mdomo umejaa."

Siku ya tatu macho yakafunguka kidogo. Nikachuma isale mpakani mwa kihamba. Kwetu ukimkosea mtu kosa la kweli unampelekea jani hilo, na aliyepelekewa hakatai kusamehe. Nikamkuta Deo amekaa barazani, kofia ya jua ameishusha mpaka puani. Akainua uso, akaniangalia sana, mimi na macho yangu mekundu.

"Bosi," akasema, "umelewa?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikampa isale kwa mikono miwili.

"Nimepokea," akasema. "Ila ulinisema mbele za watu. Ukanifutie hayo mbele za watu."

Nilifanya hivyo. Mafundi wote walisimama, na yule mteja nilimpigia simu akaja. Nikasema Deo hakulewa, nilikuwa mwongo na bahili, na kofia zile ni takataka. Kisha nikarudi kwenye lile duka la mjini kununua kofia za maana, kila fundi ya kwake. Muuzaji alinikumbuka. Safari hii alicheka yeye.

Deo amerudi kazini, na kofia yake nzuri anaifuta kila jioni. Macho yangu mimi yalipona, maana niliunguzwa siku moja. Yake yaliunguzwa msimu mzima. Daktari alimwambia mwanga umeacha doa ndani ya jicho la kulia. Huenda likapungua, huenda lisipungue.

Wewe unayewanunulia wenzako vifaa vya kazi, nakuomba: kivae wewe kwanza, ufanye nacho kazi kutwa, ndipo useme ni bei nzuri. Na fundi akikwambia kinamuumiza, usimwambie atazoea!

Niishie hapa. Deo ananiita. Ameshika futi ya kupimia, ameisogeza karibu na pua, ameirudisha mbali, na sasa anasema kama anavyosema kila siku: "Bosi, njoo unisomee hapa ni ngapi."