Dawati la Kijiti na Chiriku

Saa moja asubuhi, kabla ya kengele, Bibi Randa amelala chali chini ya dawati la darasa la tatu, nyundo kifuani, misumari miwili mdomoni. Kinachoonekana ni miguu yake tu. Watoto wanaoingia wanaiamkia hiyo hiyo miguu.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Nani kalegeza kona hii? Au panya wa shule hii wamenunua bisibisi?"

Ni fundi seremala wa shule hii ya msingi. Jina alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya randa ya kulainishia mbao isiyomtoka mkononi. Hulipwa kwa kila dawati analotengeneza, kwa hiyo mwezi ambao watoto wametulia, kwake ni mwezi wa njaa.

"Nawaombea adabu," anacheka, "ila siombi sana."

Madawati ya hapa ni ya watu wawili wawili. Marafiki wakikosana, huchora mpaka katikati ya ubao wa dawati kwa ncha ya bikari. Kiwiko kikivuka, vita. Bibi Randa ana sharti lake: haufuti mpaka wowote kwa randa hadi wote wawili waje kumwomba.

"Akija mmoja namrudisha. Namwambia, kamlete mwenzako."

Mwaka huu sharti hilo lilipata mtihani. Kijiti, msichana mwembamba anayeandika kwa mkono wa kushoto, na Chiriku, anayeongea hata akiwa na maji mdomoni, walikuwa wamekaa pamoja tangu darasa la kwanza. Mmoja kushoto, mwingine kulia, viwiko havigongani.

Siku moja Chiriku akachagua mtu mwingine wa kushika naye kamba ya kuruka. Kijiti akanuna. Mpaka ukachorwa. Wiki iliyofuata waliona mpaka hautoshi, wakachukua msumeno kwenye karakana ya bibi wakati wa mapumziko, wakaukata ubao.

"Na walisaidiana!" Bibi Randa anajishika kichwa. "Huyu anashikilia, yule anakata. Akichoka, wanapokezana. Watu wasiosemezana hao!"

Kengele ililia kabla hawajalifikia benchi. Wakakaa benchi moja, mbao mbili, kila kipande kikilegea upande wa katikati.

Mwalimu mkuu alikasirika, akaamuru yatengenezwe madawati mawili, kila moja kona yake, na wawili hao wasikae pamoja tena. Bibi Randa akaenda na futi kupima. Alipofika dirishani, akasimama.

Kijiti alikuwa akiandika kwa kushoto, Chiriku kwa kulia. Mikono iliyobaki, ile ya katikati, ilikuwa chini ya mbao kuzizuia zisianguke. Na huko chini ilikuwa imeshikana.

"Futi niliirudisha mfukoni," anasema. "Nimeunga mbao tangu usichana wangu. Gundi, misumari, skrubu, vyote navijua. Kiungo kama kile sijapata kukiona. Nililia pale dirishani, sioni haya kusema."

Walipotoka darasani walimfuata karakana, wote wawili.

"Bibi," akasema Kijiti, "tuunganishie."

Bibi Randa akawashika mikono, akawapeleka hadi ofisini. Mwalimu mkuu aliwatazama, akawaonya kwamba wakirudia watakaa sakafuni, kisha akageuka upande ili wasimwone anavyotabasamu.

Ubao uliungwa kwa kipande cha mti kilichopigiliwa chini. Alipotaka kulainisha juu kwa randa, walikataa. Mstari wa msumeno upo mpaka leo, na asubuhi hii dawati analolikaza ni hilo hilo.

Anatambaa kutoka chini, anajipangusa vumbi. Ndoto yake ni moja: wakimaliza darasa la saba, amwombe mwalimu mkuu waondoke na ubao wao.

Lakini ubao ni mmoja na nyumba ni mbili. Utakwenda kwa nani?

Bibi Randa anaupapasa mstari kwa kidole gumba.

"Watajua wenyewe," anasema. "Mimi siku hiyo msumeno nitaufungia kabatini, na ufunguo nitaukalia."