Walivyolipa Mishahara kwa Sauti Yangu

Namshukuru Mungu kwa pumzi aliyoniachia hadi leo, kwa macho ambayo bado yanasoma, na kwa miguu inayonifikisha kanisani bila kushikwa mkono. Sifa zote ni zake. Yeye ni shahidi kwamba hasira hii nimekaa nayo msimu mzima wa korosho nikimwomba aiondoe, na haijaondoka. Basi naiandika.

Mimi ni katekista mstaafu, naishi Lisekese, nje kidogo ya mji wa Masasi. Binti yangu wa mwisho alikuwa fundi mitambo wa redio moja ya jamii kule Newala. Wasikilizaji wanawajua watangazaji kwa sauti na kwa mizaha yao. Fundi hawamjui. Akifanya kazi vizuri hakuna anayekumbuka kwamba yupo. Yeye ndiye alikuwa akipanda mlingoti ulio upande wa Makote, na yeye ndiye alikuwa akisafisha feni za mtambo wa kurushia matangazo. Kule juu vumbi jekundu likichanganyika na unga wa salfa tunaopulizia mikorosho, huganda kwenye feni kama ukoko wa ugali chunguni.

Miaka kadhaa kabla yeye hajaajiriwa, redio hiyo iliniomba nizungumze kuhusu subira. Nilizungumza nusu saa. Nilisema tumngojee Mungu kama mkulima anavyongojea mkorosho mchanga, anaupalilia akijua mwaka huu hautampa kitu. Watu walinipongeza sokoni, nami nikasahau.

Mwezi wa tisa nikapanda Newala kumtembelea binti yangu na mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza. Nilifika na vumbi hadi kwenye nyusi. Nikapewa maji kwenye kopo, nikanawa uso, nikataka kuyamwaga uani.

"Baba, usimwage," binti akasema. "Hayo nasuuzia sufuria, halafu napigia deki."

Sisi wa chini huku tuna visima. Newala iko juu ya uwanda, na asiye na tangi la mvua ananunua maji kwa dumu, kila siku ya Mungu. Nilikuwa bado nimeshika kopo langu alipoingia muuza maji na pikipiki yenye madumu ubavuni.

"Mama, leo taslimu," akasema bila kuzima pikipiki. "Fundi mzima wa redio unakopa maji? Si ujitangaze basi! Sema, 'Wasikilizaji, nadaiwa madumu, anayeweza anisaidie.'"

Binti yangu akacheka na kumwambia ashushe mawili tu. Mimi sikucheka. Nililipa, na kijana akaniamkia na kuondoka. Wala simlaumu, naye petroli hakopeshwi.

Ndipo nikaambiwa yote. Alikuwa hajalipwa mshahara kwa miezi miwili, na wa tatu ulikuwa unaishia. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi, kwa sababu msimu ukikaribia wanunuzi na makarani wa korosho hutafuta vyumba na hawabishani bei. Ndivyo mji ule ulivyo. Fedha za korosho zikinukia tu, chumba kinapanda, unga unapanda, hata nyanya zinapangwa mafungu madogo. Mkulima atavumilia, maana fedha hizo zinamjia yeye. Aliyeajiriwa anapandishiwa bei za mavuno ambayo si yake. Mwenye nyumba alikuwa amesema asipopata kodi mpya mwezi ukiisha, chumba kina mtu. Na chumba kikienda, shule ya mtoto nayo inakwenda.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" nikamuuliza.

"Ningekuambia nini, Baba? Wewe mwenyewe ndiye unayetuambia tusubiri."

Nilidhani ananitania.

Asubuhi tulikwenda wote redioni ili nimsalimie meneja. Tukakuta wafanyakazi wamekusanyika ukumbini. Meneja alinikimbilia, "Shikamoo Mzee wangu," nami nikaitikia, "Marahaba." Akanivutia kiti cha mbele na kuwaambia watu kwamba Mungu amenileta kwa wakati wake. Kisha akaanza kueleza. Wafadhili wamechelewa. Hali ni ngumu kila mahali. Redio ni huduma, si biashara. Mwisho akamgeukia binti yangu, "Fundi, tuwekee ile ya Mzee."

Binti yangu akainuka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akabonyeza kitufe. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika, ikisema habari za mkorosho mchanga.

Nyuma yangu mtangazaji mmoja, ambaye mimi na yeye ni watani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya, mshahara huo umetoka. Pangeni foleni, msisukumane."

Watu wakacheka wakiwa wameinamisha vichwa. Nikageuka. "Unasemaje, mtani?"

"Shikamoo, mtani. Hii ndiyo tunayoiita mshahara. Mwezi ukiisha tunaulizana, leo ni fedha au ni Mzee? Huu wa tatu mfululizo ni Mzee. Mke wangu nilimwambia nimelipwa katekista, akaniuliza anapikwaje."

Nimesimamia mazishi ya watoto wangu wawili bila kunyanyua sauti. Nimesengenywa, nimesahauliwa kwenye kiinua mgongo, nikanyamaza. Siku ile nilisimama, nikasema, "Zima."

Binti akazima.

"Mzee wangu," meneja akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi zaidi, "tunawatia moyo tu. Thawabu yao iko kwa Mungu."

"Thawabu atatoa Mungu. Mshahara utoe wewe. Usimsukumie Mungu deni lako."

"Lakini haya ni maneno yako mwenyewe, Mzee."

"Ni yangu, na sijutii hata moja. Nilisema tumngojee Mungu. Sikusema tukungojee wewe. Hebu niambie mbele ya hawa, wewe mwezi uliopita ulilipwa?"

Akajikohoza. "Hayo ni mambo ya utawala."

"Utawala ulilipwa, mtani," ikasema ile sauti ya nyuma.

Nikaomba kipindi changu kifutwe. Nikaambiwa kipindi ni mali ya redio. Nikatoka. Binti yangu alinifuata hadi getini, akasema, "Baba, umeniharibia kazi."

"Kazi ipi?" nikamuuliza.

Akaniangalia. Kisha akacheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mwezi uliisha bila fedha. Mwenye nyumba alikuja kama alivyosema. Binti yangu akakabidhi funguo za chumba cha mtambo, akamwonyesha meneja namna ya kusafisha feni, akafunga godoro na vyombo. Wakashuka kwangu Lisekese, mtoto akiwa hajamaliza muhula. Mjukuu wangu aliniuliza kama mwalimu wake atajua alikokwenda.

Minada ya korosho ikaanza. Nikawasha redio, na sijawahi kusikia matangazo ya biashara mengi kiasi kile. Mabati, pikipiki, magodoro, simu, kila mwenye duka akitaka fedha ya korosho ipite kwake kwanza. Kila tangazo nililisikia kama chumba cha mwanangu kinauzwa upya. Halafu siku moja, katikati ya tangazo la mabati, kimya. Mtambo ule ukizidiwa na joto hujizima wenyewe, na feni hakuna aliyezigusa.

Siku ya tatu ya kimya kile meneja akapiga simu. "Shikamoo Mzee wangu. Tunaomba utusemee kwa binti. Wafanyabiashara wanadai warudishiwe fedha zao."

Nikampa binti simu. Akasema kwa adabu, "Nilipwe yote ya nyuma kwanza, kaka. Na kazi hii ya sasa tutapatana bei yake."

Kabla ya sala ya jioni fedha zilikuwa zimeingia kwenye simu yake. Zote.

Labda msomaji anadhani nilifurahi. Nilimshukuru Mungu, ndiyo, kwa mdomo. Lakini hapo ndipo hasira iliponiingia mifupani, kwa sababu zile zilikuwa fedha zilizokuwepo; binti aliniambia wenye maduka hulipia matangazo ya msimu tangu mwezi wa nane. Kama redio haikuwa nazo ningesema ni umaskini, na umaskini naujua, tumelala nao nyumba moja. Fedha zilikuwepo, mwanangu akakopa maji. Zilikuwepo, mtoto akatolewa darasani. Na waliozishika walikaa wakawachezea watu wenye njaa maneno ya kanisani kwa sauti yangu. Nilisomeshwa na mapadri kwamba kuzuia ujira wa mtu ni kumnyang'anya. Kuuzuia kwa jina la Mungu sijui hata niuite nini.

Binti alipanda Newala, akautengeneza mtambo, akalipwa. Wakamwomba abaki kwa mshahara mkubwa zaidi. Akauliza, "Na watangazaji?" Wakamjibu hao watasubiri kidogo. Akashuka. Sasa anafunga sola na madishi ya televisheni hapa Masasi. Kuna siku anapata na kuna siku anarudi mikono mitupu, lakini akimaliza kazi analipwa. Mtoto ameingia shule ya hapa, amerudia masomo ya muhula mzima.

Majuzi meneja alinipigia tena. Anataka nirekodi kipindi kipya, kuhusu kusamehe. Nikamwambia nauli ninayo na maneno ninayo, nitakuja siku watangazaji wote watakapokuwa wamelipwa. Akasema ataniarifu. Mtani wangu ananiambia mpaka leo hawajapewa kitu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe kazi ya mikono yako na akupe ujira wake ungali mzima. Akulinde usidaiwe maji ya kunywa. Na kama ameweka mishahara ya wengine mkononi mwako, auguse mkono huo ufunguke leo, kabla jua halijazama. Amina.