Karte muzima, fundi mubovu

Bandugu, leo bibi yangu, Mama Neema, ametengeneza programu yangu, na hata ordinateri, kompyuta yangu, hakuigusa.

Niko na karte ya elektroniki ya papa mumoja wa Mboko, ya kuendesha pompe yake ya maji. Saa ya ndani ikilia, inapashwa kuwasha pompe palepale. Mi napima, inachelewa. Napima tena, inachelewa.

Nikamupigia papa, na sauti ya bakubwa: "Papa, karte yako iko mubovu. Nunua ingine."

Mama Neema akaita toka jikoni: "Umemaliza? Samaki ya mukeke inapoa!"

Kisha tena: "Umemaliza?"

Nikakasirika: "Ni kuniuliza kila mara njo kunanichelewesha!"

Halafu nikafungua tena programu.

Juu mi pia, kila mara saa inalia, nailazimisha kwanza iandike kwenye ekrani ya ordinateri namna imechelewa. Kuandika njo kulikuwa kunaichelewesha!

Nikafuta ule mustari wa kuandika mu programu. Pompe ikawaka palepale.

Nikamuelezea Mama Neema. Akaniangalia: "Kumbe ni weye ulikuwa unaisumbua?"

Mukeke nimeikula baridi.

Sasa munisaidie: papa amekwisha kupanda pikipiki, anaenda Uvira kununua karte ingine, na simu yake haipite.