Mikono Arobaini ya Kushoto

Saa mbili na robo asubuhi, futi inazunguka kiuno cha dereva wa lori. Fundi anasoma, anakunja uso, anasoma tena. Kisha anafungua daftari lake la vipimo na kuutafuta ukurasa wa mteja huyu.

"Mwezi wa pili ulikuwa inchi thelathini na sita," anasema. "Leo thelathini na mbili. Ndugu yangu, unalala?"

Dereva anacheka kicheko cha mdomoni tu. "Nimeleta suruali ipunguzwe, fundi. Habari za kulala zimetoka wapi?"

Zimetoka mbali. Fundi huyu wa miaka arobaini na saba, ambaye mtaa mzima unamwita Futi kwa kuwa hata msibani huenda nayo shingoni, anajua kiuno husema mambo ambayo mdomo umeyakataa. Chake kilisema, miaka miwili iliyopita. Yeye akakinyamazisha kwa mkanda.

"Nilitoboa matundu matatu mapya," anakumbuka. "Fundi mzima! Sikujiuliza kitu."

Usingizi ulikuwa ukimkimbia kabla ya majogoo. Chakula hakikuwa na ladha. Nguo alizoshona kwa wiki zilishuka kutoka thelathini hadi sita, na wateja wakahamia kibanda cha pili. Walimwengu nao hawakukosa la kusema: huyu akasema kawa mvivu, yule akasema karogwa. Shemeji yake akamwambia mwanamume hujikaza.

"Nilijikaza mpaka kukaza kwenyewe kukaisha," anasema Futi.

Mke wake, mpishi wa shule asiyejua kuzungusha maneno, ndiye aliyelimaliza jambo hilo. "Nilimuuliza, baba watoto, ungevunjika mguu ungekwenda kwa shemeji au hospitali? Basi vaa viatu twende."

Daktari alimpima damu kwanza, ahakikishe hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Kisha akauliza: raha imepotea tangu lini? Unakula? Umewahi kuwaza heri ufe?

"Hilo la mwisho lilinitoa machozi," anasema Futi. "Hakuna aliyewahi kuniuliza, na jibu lilikuwa ndiyo."

Daktari akauita ugonjwa huo kwa jina lake: sonona. Akasema si uvivu wala si laana, na unatibika. Akampa kidonge kimoja kila siku na miadi ya kuzungumza na mshauri kila wiki. Akamwonya pia asitegemee nafuu kesho, kwani dawa hizo huchukua wiki kadhaa kushika.

Wiki ya tano, Futi alijikuta anapiga mluzi kwenye cherehani. Mwezi wa pili wa dawa akajiona mzima kama kigongo, akaacha dawa kimyakimya. Ya nini tena?

Ikaja oda ya sare, mashati ishirini. Kitambaa chenyewe kina uso na mgongo, na kila fundi anajua hulazwa uso kwa uso, ili kila mkato utoe mkono wa kulia na wa kushoto. Kichwa kilikuwa kimeanza tena kujaa ukungu. Futi akalaza tabaka zote uso juu, akakata. Lo! Mikono arobaini, yote ya kushoto.

"Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto."

Mke wake alipofungua boksi la dawa akakuta vidonge vimejaa. Hakupiga kelele. "Kumbe ulikuwa unashona bila uzi," alisema, akamrudisha kliniki siku ileile. Huko daktari akamweleza kwamba kupata nafuu si kupona. Dawa huendelea miezi kadhaa hata mtu akijisikia vizuri, na kuipunguza ni kazi ya daktari, polepole.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja tangu arudie dawa. Kidonge anakimeza na chai ya asubuhi, na nguo zimerudi ishirini na nane kwa wiki. Mkono mmoja wa kushoto unaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani.

Anamwonyesha dereva mkono huo, na kumsimulia yote bila kuficha. Dereva anatazama sakafu.

"Mke wangu anasema siku hizi nimekuwa mtu wa kununa," anasema hatimaye. "Mwenyewe sijui. Naona kila kitu kizito. Lakini dawa si zitanilaza kwenye usukani?"

"Muulize daktari swali hilohilo. Mwambie unaendesha lori. Alhamisi nina miadi, twende wote."

Futi ana mpango. Sokoni wako mafundi kumi na wawili, na anataka kila mmoja ajifunze kumuuliza mteja anayepungua bila sababu kama analala. Sita wamekubali. Wengine wanamtania kwamba amekuwa daktari wa viuno. "Waache wacheke," anasema. "Watapima tu."

Anaingiza suruali kwenye cherehani na kushona mshono mpya. Kitambaa kilichozidi anakikunjia ndani. Mkasi haugusi.

"Mbona hukati?" anauliza dereva.

"Nikate kwa nini? Mwili wako utarudi. Siku hiyo nitafumua mshono huu, na nafasi yako utaikuta."

Dereva anaipokea suruali, anapapasa ule mkunjo wa ndani kwa kidole gumba.

"Alhamisi saa ngapi?"